Nguo kuukuu zimejaa kabatini na sina cherehani: nianzie wapi?

Dada uliyeuliza kuhusu furushi la nguo kuukuu, kwamba hutaki kuzitupa, cherehani huna, na je ununue kale kadogo ka mkononi ka betri: nakujibu kutoka Tanga, Makorora. Jibu ni refu, mimina chai kwanza.

Usianze kwa kufikiria unataka kushona nini. Video nyingi zinaanzia hapo, na ndiyo maana watu wanaishia na maua ya kitambaa ukutani huku jikoni bado wanaepulia sufuria kwa gazeti. Mwaga furushi lote mkekani, shika nguo moja moja, uangalie ni kitambaa gani na kimechakaa wapi. Shati huliwa kola na makwapa, mgongo ukabaki mzima. Suruali ya jinsi (jeans) huisha mapajani na magotini, lakini kipande cha chini ya goti na mkanda wa kiunoni bado vina miaka. Khanga hulegea kwanza katikati, kwenye mji, pindo likiwa bado imara. Inyooshe dirishani: panapopitisha mwanga kama chandarua ni pa kudekia, palipobaki pazito ndipo pa kukata.

Halafu tenga pamba na poliesta. Chomoa nyuzi chache kwenye mshono wa ndani, uziwashe juu ya sahani ya bati. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta inajikunyata, inayeyuka, inaacha punje nyeusi ngumu. Usiruke hatua hii, maana masufuria yetu hayana mikono. Ukiepua wali kwenye jiko la mkaa kwa kitambaa cha poliesta, kikigusa chuma cha moto kinayeyukia kidoleni.

Kwa hiyo kazi ya kwanza iwe vitambaa vya kushikia sufuria. Kata jinsi vipande viwili vya mraba, sentimita 20 kila upande, katikati weka taulo kuukuu iliyokunjwa mara mbili. Piga bandi ndefu, yaani mishono ya kushikiza kwa muda, kuzunguka ili visihame, kisha shona mistari ya kukatiza kutoka pembe hadi pembe, ili taulo lisijikusanye upande mmoja likifuliwa. Tumia uzi wa pamba. Mkono unatosha kabisa: uzi mara mbili, uupitishe kwenye nta ya mshumaa usijisokote, na kila hatua sindano irudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele. Shona viwili vilivyoachana. Kuna mtindo wa ukanda mmoja mrefu wenye mifuko ya mikono huku na huku, unapendeza pichani, ila kwenye mkaa ile sehemu ya katikati inaning'inia motoni. Na kikiwa kimelowa usikishike. Maji hupitisha joto haraka na mvuke wake unaunguza.

Sasa khanga na mashati, maana hapa ndipo penye faida. Pamba iliyofuliwa sana ni laini na inanyonya jasho, na kwa joto letu hili la mwambao foronya mpya ya dukani haiifikii. Shati la kiume lenye vifungo ni foronya ya mto wa kochi ambayo tayari ina mlango. Lifunge vifungo vyote, ligeuze ndani nje, chora mraba mbele chini ya kola na makwapa, ukubwa wa mto wako na sentimita 2 za ziada kila upande, kata mbele na nyuma pamoja, shona pande zote nne. Fungua vifungo, pindua, ingiza mto. Mfuko wa kifuani ukiangukia ndani ya mraba, uache. Watoto wataficha pipi humo, lakini uache.

Khanga mbili zilizolegea hutoa shuka nzuri ya mtoto: zilaze moja juu ya nyingine, shona ukingoni, kisha pitisha mistari kila baada ya kiganja kimoja. Moja inaibeba nyingine. Ukitaka kuunga vipande na huna mashine ya ovaloki, ile ya kufunga ncha za kitambaa, usihangaike, kuna mshono wa mara mbili ambao kila fundi mzee anaujua. Weka vitambaa migongo ikitazamana, yaani sura zote nje, shona karibu na ukingo, punguza nyuzi zilizochomoza. Pindua sasa sura zitazamane, shona tena kwa ndani kidogo ya ule wa kwanza. Ncha zote zinafungiwa ndani, hakuna kinachochanika hata ukifua kwa kupiga jiweni.

Mfuko wa sokoni nisiurefushe. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, kila mtu anao mfuko wake wa kwenda nao soko la Mgandini. Wa jinsi ndio unaostahimili viazi. Ziba chini, kisha kila pembe ya chini ifinye iwe pembetatu, uishone kwa kukatiza sentimita 5 kutoka nchani. Mfuko unapata kitako. Mikono yake kata kwenye ule mkanda wa kiunoni.

Fulana za pamba zikate utepe mrefu wa vidole viwili, uvute, utajikunja wenyewe. Suka utatu, kisha uzungushe na kuunga ukingo kwa ukingo kama bibi zetu wanavyounga ukili wa mkeka. Kwenye mzunguko usivute uzi kwa nguvu, ulegeze, la sivyo zulia lako la mlangoni litanyanyuka kingo na hutaweza kulilaza tena. Jezi za mpira hazifai hapo kwa sababu hazinyonyi maji, ila zile zenye matundu ziba chini, zitundike jikoni, weka vitunguu, hewa inapita. Baibui kuukuu lifanye bitana ya mfuko au la kufunikia feni. Jikoni lisikaribie.

Jambo ambalo wengi watanipinga: usijaze matambara kwenye mto wa kulalia. Unakuwa mzito, unabana shingo, na masika yakija, Machi hadi Mei, unavuta unyevu ukaanza kunuka. Mto wa kulalia ni sufi. Matambara yajaze mito ya barazani, yakatwe madogo sana, na mfuko wa ndani uwe wa peke yake ili uweze kuutoa na kuuanika.

Kuhusu kacherehani ka betri, hela yako ibaki mfukoni. Vingi vya namna hiyo vinashona kwa uzi mmoja, mshono wa mnyororo. Ncha isipofungwa vizuri, ukiivuta mstari wote unafumuka, na jinsi havipenyi. Kata mwenyewe, piga bandi mwenyewe, halafu ile mishono mirefu na minene mpelekee fundi wa barazani. Huku Tanga, Ngamiani, wapo kwenye zile barabara za namba, na huko kwenu hawakosi. Kazi iliyokwisha kupigwa bandi humalizwa wakati unasubiri, na bei yake mnaelewana. Mwambie aweke sindano namba 16 au 18 kwa jinsi, na palipokutana mishono minene azungushe gurudumu kwa mkono. Ukishazoea na ukaona kazi inakuzidi, tafuta cherehani ya miguu iliyotumika, nzito, ya chuma, na kabla hujalipa shona kipande cha jinsi mikunjo minne mbele ya muuzaji.