Mapitio ya upeo yanasimama kwa itifaki

Makala yetu ya mapitio ya upeo kuhusu uchovu wa kazi kwa wauguzi imekubaliwa. Nina fahari nayo, na sifichi, kwa sababu kazi hiyohiyo ilikwisha kukataliwa na jarida jingine. Mhakiki alidai haina uzito kwa kuwa hatukupima ubora wa tafiti tulizojumuisha. Bado inaniuma. Mapitio ya upeo hayaamui kama tiba fulani inafaa. Yanaonyesha nini kimetafitiwa, kwa akina nani, kwa mbinu zipi, na wapi hapajaguswa. Watafiti Arksey na O'Malley walipotoa mwongozo wao wa mapitio ya upeo mwaka 2005, upimaji wa ubora haukuwa miongoni mwa hatua zao tano. Hata PRISMA-ScR ya 2018, orodha ya mambo ya kuripoti kwenye mapitio haya, inauacha uwe wa hiari.

Kilichotubeba ni itifaki, yaani mpango wa mapitio ulioandikwa mapema. Tuliiandika kabla ya kutafuta hata makala moja, tukaiweka OSF, tovuti ya wazi ya kusajili mipango ya utafiti, maana PROSPERO, rejesta ya itifaki za mapitio, haisajili mapitio ya upeo. Humo tulieleza kwa nini ubora hautapimwa. Jarida la pili tuliliandikia tukirejea aya hiyo, na suala halikuibuka tena. Kwa hiyo wewe unayeanza, andika itifaki, na kila uamuzi uandikie sababu yake.

Swali lenyewe tulilijenga kwa vipengele vitatu vya JBI, shirika linalotoa miongozo ya mapitio: watu, dhana na muktadha. Unaweza kudhani "watu" ndicho chepesi kuliko vyote. Kumbe hapo ndipo tulipobishana zaidi. Tulipojaribu uchujaji kwa ikisiri (muhtasari) za makala chache, kila mmoja akisoma peke yake, mwenzangu aliwapokea wanafunzi wa uuguzi walio kwenye mafunzo ya wodini, mimi nikawakataa. Yeye alisema wanashika zamu kama wengine. Mimi nikasema mzigo wao una mitihani ndani yake, hauwezi kuhesabiwa pamoja. Mwishowe tuliwaacha nje, tukaandika sababu, tukaanza kuchuja upya. Ubishi ule ukitokea baada ya kusoma maelfu ya vichwa vya makala, utalia. Ufanye mapema, na uwe na mtu wa tatu wa kuamua.

Kuhusu kutafuta sitasema mengi: mkalishe mkutubi karibu nawe tangu mwanzo. Hifadhidata ya PubMed peke yake haitoshi, na tasnifu na ripoti zisizofika majaridani nazo zitafutwe.

Kinachonikera ni vijana wanaochagua mapitio ya upeo kwa kuwa wamesikia ni mepesi kuliko mapitio ya kimfumo. Si kweli! Swali likiwa pana, machapisho yanamiminika, na kila moja linadai kusomwa. Ukitaka kujua kama mbinu fulani inapunguza uchovu, fanya mapitio ya kimfumo na upime ubora kikamilifu. Usijifiche nyuma ya upeo, halafu kwenye hitimisho uwashauri watunga sera wafanye hiki au kile. Wanaofanya hivyo ndio wanaotuharibia jina mbele ya wahakiki, nasi wengine tunalipa.

Jedwali la kukusanyia data nalo lijaribiwe na watu wawili kwa makala chache kwanza. Safu isiyojibu swali lako ifute. Ukibadilisha chochote baada ya itifaki kusajiliwa, kitaje waziwazi kwenye sehemu ya mbinu, pamoja na sababu.