"Corn" ya Yakobo haikuwa mahindi

Ndugu, umeuliza wana wa Yakobo walifuata vipi "corn" Misri wakati mahindi yalikuwa bado Amerika. Swali zuri. Biblia ile ya Kiingereza, King James, ni ya 1611, na "corn" maana yake ya asili ni punje, kisha nafaka yoyote. Ndiyo maana yetu ya Kiswahili imeandika "nafaka" tu, na imepatia.

Uingereza, mkulima akisema "corn" mara nyingi ana ngano kichwani. Uskoti ilikuwa shayiri ya uji, ile "oats". Walowezi walipofika Amerika wakayaita mahindi "Indian corn", baadaye neno "Indian" likadondoka. Sisi tuliosomeshwa Kiingereza cha Waingereza tukabaki na "maize".

Hata "corned beef", nyama ya kopo, haina hindi hata moja ndani: "corn" pale ni punje kubwakubwa za chumvi ya kuhifadhia nyama. Mimi mwenyewe niliwahi kuisoma lebo nzima nikitafuta mahindi.

Kwa hiyo ukitafsiri, angalia kwanza mwandishi ni wa wapi. Mmarekani, andika mahindi. Mwingereza wa zamani, nafaka.