Baba mkwe anakataza mbio ndefu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu wa kidato cha pili amechaguliwa kukimbia mita 5000 mashindano ya mkoa. Baba mkwe hataki. Anasema mbio ndefu zinaharibu kizazi, ndiyo maana hata Olimpiki zamani wanawake hawakuruhusiwa. Nimjibu nini? – Mama wa mkimbiaji, Babati

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwamba hawakuruhusiwa, baba mkwe kasema kweli. Sababu ndiyo siyo hiyo.

Mwaka 1928, Amsterdam, wanawake walikimbia mita 800 za Olimpiki kwa mara ya kwanza. Lina Radke wa Ujerumani alishinda kwa rekodi ya dunia. Kwenye mstari wa mwisho baadhi yao walijitupa chini kwa kuchoka, kama wanaume wanavyojitupa mpaka leo. Magazeti yakapiga kelele kwamba mbio zile ni hatari kwa wanawake, zikafutwa hadi 1960. Marathoni ya wanawake ilingoja mpaka 1984. Hizo mita 5000 za binti yako, wanaume walizianza 1912, wanawake wakazipata 1996, na mwaka huohuo Pauline Konga akailetea Kenya medali ya fedha, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa mwanamke wa nchi ile.

Nami nilizuiwa kwa maneno hayohayo. Nikimaliza mizunguko miwili, pumzi bado ninayo tele, mwalimu ananishika mkono: "Basi, wasichana mwisho hapa." Nasimama nje ya mstari wa chokaa, nawahesabia wavulana mizunguko yao kumi na miwili na nusu. Iliniuma, na bado inaniuma.

Kuhusu kizazi, mwambie kwamba Faith Kipyegon, mkimbiaji wa Kenya, alijifungua binti 2018, akarudi akachukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 Tokyo, kisha Paris.

Kinachodhuru ni kukimbia na njaa. Msichana wa mazoezi asiposhiba, hedhi inaweza kukatika na mifupa ikadhoofika. Hilo ulitilie macho wewe mwenyewe. Apate uji kabla ya kutoka alfajiri, na jioni ugali wake na maharage usipunguzwe eti kwa kuwa ni wa kike. Hedhi ikipotea miezi mitatu, mpeleke kituo cha afya. Viatu hata vya mtumba vinafaa, ila vidole visibanwe mbele.

Na siku ya mashindano mchukue baba mkwe. Mtafutie kiti karibu na mstari wa kumalizia.