Sauti ikififia jioni, pima umeme kabla ya kununua lampu

Napiga gitaa kanisani kwetu Katuba, Lubumbashi, kwa amplifaya ya lampu, yaani mashine ya kukuza sauti inayotumia vichupa vya kioo vinavyopata moto, si lampu za taa: Fender Blues Junior ya wati 15, iliyonifikia kwa mkono wa pili kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Ndani ina lampu tano, tatu ndogo za 12AX7 na mbili za nguvu za EL84. Naipenda kama mtu anavyopenda baiskeli iliyomlea, ndiyo maana naandika: sitaki mwenzangu atupe pesa nilizotupa mimi.

Mwaka wa kwanza, asubuhi ilikuwa inaimba. Kwenye mazoezi ya jioni sauti ilififia, noti zikawa kama zimefunikwa blanketi. Fundi akasema lampu zimechoka. Nikaagiza EL84 mbili, nikangoja wiki tatu, nikazitia Jumamosi asubuhi: safi kabisa. Jumapili jioni, ugonjwa uleule.

Aliyeniokoa ni mzee wa mtaani anayetengeneza redio. "Mwanangu, umeme wenu wa jioni umeupima?" Nilipotia multimita kwenye prizi ya kanisa, ilionyesha volti 168. Ni saa ambayo mtaa mzima umewasha majiko ya umeme.

Kila lampu ina uzi wa kuipasha moto, nao unataka volti 6.3. Transfoma hugawanya tu kile kinachoingia: ikitarajia 230 ikapewa 168, uzi unabaki na 4.6 hivi, wakati lampu huvumilia upungufu wa karibu asilimia 10 tu. Isipopata moto haitoi nguvu, hata iwe mpya. Zile EL84 nilizozitoa zilikuwa nzima. Leo nina stabilaiza ya VA 1000, kifaa cha kusawazisha umeme, na tatizo hilo limekwisha. Siku za jenereta nawasha jenereta kwanza, naiacha itulie, ndipo nachomeka amplifaya.

Umeme ukiwa sawa na sauti bado mbaya, anzia nje. Badilisha waya wa gitaa. Safisha matundu ya jeki, maana vumbi la kiangazi chetu huingia kila mahali. Kisha, ikiwa imewashwa na sauti iko chini, gonga kila lampu ndogo polepole kwa kalamu ya mbao: ile inayolia kama kengele au kukwaruza ndiyo mgonjwa. Lampu ya nguvu ikiwa nyekundu kwenye bati lake la ndani, zima papo hapo. Wala usiwashe amplifaya ikiwa spika haijaunganishwa. Transfoma ya kutolea sauti huungua, na hiyo ni ghali kuliko lampu zote.

Lakini kisanduku cha chuma usikifungue kama hukufundishwa. Kapasita, vile vipande vinavyohifadhi umeme, huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya. Hapa nasema kwa ukali kabisa: zinaua. Mpelekee mzee wa redio. EL84 ilitumika sana katika redio na santuri za Ulaya za miaka ya 1950, na 12AX7 ndiyo ECC83 ya Wazungu wa huko, kwa hiyo atazitambua kabla hujamweleza.

Kuhusu butoni, nawaona vijana wakizijaza zote hadi mwisho. Kwa sebene unataka sauti safi inayokata: Volume karibu 3, Master juu, Bass chini. Chini ya mabati Treble hurudi na kuumiza masikio, basi ipunguze, upandishe Middle hadi gitaa lisikike katikati ya kwaya. Halafu iweke amplifaya juu ya kiti, ikielekea masikioni mwako. Ikiwa sakafuni, sauti inaishia magotini mwako, unaongeza Treble bila kujua, na mama wa safu ya kwanza ndio wanaoumia.