Magitaa na sinthesaiza vinapozama ndani ya mwangwi

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Mimi na mwenzangu tunarekodi albamu ya ala tupu nyumbani kwa bibi yake, Malindi, Unguja. Ni magitaa mawili na sinthesaiza, kinanda kinachounda sauti kwa umeme; roki ya taratibu, ya kuelea kama ndoto. Kila ala peke yake inapendeza, ila tukizichanganya inakuwa urojo. Riverbu, ule mwangwi wa ukumbi, tumetia kila chaneli. Halafu kuna noti moja ya chini ya sinthesaiza inatikisa chumba kizima, lakini kwenye simu haisikiki kabisa. Chumba kina upana wa mita 2.8. Na gitaa moja linanguruma. Tunakosea wapi?

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Urojo mzuri, ukitia kijiko, bajia unaijua na kiazi unakijua. Yenu imekuwa uji, na aliyeupika ni riverbu.

Riverbu ni ukumbi. Mkiweka yake kwenye kila chaneli, mmemketisha kila mpigaji katika ukumbi wake na mnamtaka msikilizaji awe kote kwa wakati mmoja. Zitoeni zote. Fungueni chaneli moja pembeni, humo wekeni riverbu moja ndefu, sekunde 4 au 5, kisha kila ala ipelekeni huko kwa kiasi chake: gitaa la mbele kidogo, la nyuma zaidi, sinthesaiza tone tu kwa sababu sauti yake tayari ni ndefu. Riverbu hiyo ikateni besi yote chini ya Hz 250 (mitikisiko 250 kwa sekunde) na wembamba wote juu ya Hz 6,000. Uji wenu uko baina ya Hz 200 na 500, pale gitaa linapokutana na mkono wa kushoto wa sinthesaiza. Mwisho, icheleweshe riverbu milisekunde 40 kabla haijaanza, ili kidole kinapogusa uzi sikio lipate kwanza mguso mkavu, ndipo ukumbi uitikie.

Dilei, yaani mwangwi unaorudia noti, nayo ifuateni kasi ya wimbo. Gawanyeni 60,000 kwa mapigo ya dakika. Wimbo wa mapigo 72 unatoa milisekunde 833 kwa pigo moja, na robo tatu yake ni 625; hiyo 625 ndiyo inayolifanya gitaa la noti chache lisikike kama linafumwa. Kila mwangwi uwe na giza kuliko uliotangulia, yaani wembamba wake umepungua. Mwaka 1973 mpiga gitaa Robert Fripp na mwenzake Brian Eno walitoa albamu ambayo gitaa lilipitishwa kwenye tepurekoda mbili, mkanda ukitoka ya kwanza kwenda ya pili, na kila mzunguko ulipoteza wembamba kidogo. Ndiyo maana miangwi ile hurudi nyuma na kuliachia gitaa nafasi. Dilei ya kompyuta isipokatwa wembamba hubaki mbele ikigombana na mpigaji.

Sasa sinthesaiza, nami hapa nawaomba mwende mkakae karibu na mpigaji wa kanuni, ile ala ya taarabu ya nyuzi nyingi, wakati anapoitia sauti. Kila noti ya kanuni ina nyuzi tatu. Huzilinganisha mmoja mmoja kwa sikio, na hata zikikaa sawa bado hubaki tofauti ndogo mno baina yake. Tofauti hiyo ndiyo uhai wa ala ile: noti moja inapumua. Kwenye sinthesaiza mnaipata kwa osileta mbili, yaani vyanzo viwili vya sauti. Moja iacheni Hz 440, ya pili isogezeni hadi 441, mtasikia sauti ikijaa na kupungua mara moja kila sekunde. Msizidishe, maana ukishaanza kusikia noti mbili umeshaharibu. Na noti za chini kabisa zipigeni kwa osileta moja tu, besi isimame imara. Sauti iinuke polepole, sekunde moja na zaidi, na mkono wa kushoto unyamaze kila gitaa linaposhuka katika oktava yake. Sikilizeni bashraf yoyote ya taarabu iliyopigwa vizuri, nayo ni ala tupu kama kazi yenu: besi chini, fidla juu, kanuni katikati ikinyunyiza, na kila mmoja unamsikia.

Noti inayotikisa chumba, nadhani ni B, yaani Si, ya Hz 62 hivi. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe zina vyumba vyembamba kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haifiki mbali. Wimbi la Hz 62 lina urefu wa mita 5.6 katika joto letu. Nusu yake ni 2.8, upana wa chumba chenu barabara. Sauti inagonga ukuta huu na ule na kujiongeza. Jaribuni: acheni noti ilie, mmoja atembee kutoka ukutani hadi katikati. Ukutani itavuma, katikati itakaribia kutoweka.

Mimi kosa hili nimelilipia. Nilichanganya kazi nzima ya udi na kinanda cha umeme katika chumba cha upana huo, nikishusha besi kila ilipovuma. Tuliposikiliza garini tukielekea Bububu, besi haimo. Kwa hiyo msiishushe kwanza. Geuzeni meza itazame urefu wa chumba, kichwa kiwe katikati ya upana na kama theluthi ya urefu kutoka ukuta wa mbele. Godoro la sufi pembeni litasaidia sauti za juu kidogo, Hz 62 halitaimeza. Simu ni jambo jingine: kispika chake hakiwezi kutoa noti hiyo. Ongezeni noti ile ile oktava moja na mbili juu, kwa sauti ndogo, na kwenye simu msikilizaji ataifuata besi kupitia hizo.

Mngurumo wa gitaa ni umeme wa Hz 50 unaoingia kwenye pikapu, ile sumaku ya gitaa inayonasa mtikisiko wa nyuzi. Mpigaji ageuke taratibu akiwa amekaa, atafika upande ambao unapungua, arekodi hapo, mbali na kompyuta na taa. Mtu akiwaambia mkate waya wa ardhi wa amplifaya ili kelele iishe, msikubali kabisa. Vidole vyenu viko kwenye nyuzi za chuma.