Jibu: Kwa nini kundi linaniacha tukirudi kutoka Moshi?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini unaenda sawa na wenzako kwa baiskeli Arusha hadi Moshi, kisha wanakuacha mkirudi. Tazama mwinuko: Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi haifiki 1,000. Kwenda mnashuka. Kurudi ni karibu kilomita 80, nyingi za kupanda, na miguu imeshachoka.

Mimi niliachwa hivyo hivyo Boma Ng'ombe, mara mbili. Kosa langu lilikuwa kukaa mbele asubuhi nzima nikilikingia kundi upepo. Kaa nyuma ya gurudumu la mwenzako, karibu bila kuligusa. Unaokoa nguvu nyingi mno. Zamu yako mbele ikifika, dakika mbili zinatosha, kisha jitoe pembeni. Na ule kabla njaa haijauma: ndizi kila baada ya nusu saa hivi, maji kidogo kidogo.

Mashindano ni jambo jingine kabisa. Hakuna anayekungoja, na mlimani wanaongeza kasi ghafla kwa makusudi. Ukiona wanasimama kwenye pedali, wafuate papo hapo. Pengo la mita 10 tu, upepo wote unabaki wako.