Maswali ya Wasomaji: Kuyafuata Maji Hadi Yanakotoka

Barua tano zilizotufikia mwezi huu zinauliza, kila moja kwa namna yake, kuhusu matembezi ya kuongozwa katika vituo vya maji vinavyouhudumia mji wa Mombasa. Tumeziweka pamoja, na tumezifupisha pale ilipobidi.

Mhariri, asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa sekondari msingi hapa Kisauni. Nilipowauliza wanafunzi wangu maji ya mfereji yanatoka wapi, wengi walijibu kuwa ni kwenye matangi ya Nguu Tatu, na mmoja akasema hutoka kwenye boza. Nataka kuwapeleka wakajionee wenyewe. Je, vituo hivyo huruhusu wageni? Nimwandikie nani, na nianzie wapi? – Mwalimu, Kisauni

Waaleikum salaam, mwalimu. Waliotaja Nguu Tatu hawakukosea sana, kwa kuwa maji ya Baricho hufikia katika matangi ya huko kabla ya kugawanywa mitaani, ila tangi ni kituo cha njiani tu. Jambo la kuwaeleza kabla hawajapanda basi ni kwamba vyanzo vikuu vinne ambavyo Mombasa inavitegemea vyote viko nje ya Kaunti ya Mombasa. Chemchemi za Mzima ziko Taita Taveta, visima vya Baricho viko Kilifi, na chemchemi za Marere pamoja na visima vya Tiwi viko Kwale. Kwa hivyo anayetaka kuona chanzo cha maji yetu hana budi kubisha hodi kwa jirani, na ni vyema wanafunzi wajue kwamba jirani huyo ana neno lake pia: viongozi na wakaazi wa Taita Taveta wamedai kwa miaka mingi wafaidike zaidi na maji ya Mzima, ambayo bomba lake hupita katika ardhi yao kavu likielekea Pwani.

Vituo hivi huingiwa kwa idhini. Visima, mabomba makuu na matangi makubwa yanayohudumia kaunti zaidi ya moja viko chini ya Coast Water Works Development Agency, shirika la serikali ya kitaifa linalofanya kazi kwa mujibu wa Sheria ya Maji ya mwaka 2016, ilhali kuyafikisha maji nyumbani na kutuletea bili ni kazi ya kampuni ya maji ya kaunti, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Mowassco. Ukitaka kuona chanzo, liandikie shirika. Ukitaka kuona jinsi maji yanavyogawanywa mjini, iandikie kampuni. Katika barua yako taja idadi ya wanafunzi na walimu, darasa lao, tarehe mbili au tatu zinazokufaa, na hasa vitu unavyotaka waonyeshwe, kwa mfano chumba cha pampu, mahali klorini inapotiwa, mita kuu na daftari la vipimo vya kila siku. Barua inayosema tu kwamba mnaomba kukitembelea kituo humwachia afisa kazi ya kufikiri kwa niaba yenu, na barua za namna hiyo ndizo zinazolala mezani hadi muhula ukaisha.

Kuhusu pa kuanzia, ningechagua Baricho. Hapo mtoto anaona kwa macho yake jambo ambalo kitabu hulieleza kwa shida. Mto Sabaki, hasa baada ya mvua za bara, huwa na rangi ya chai ya maziwa kwa udongo unaobebwa kutoka juu, lakini visima vilivyochimbwa kandokando yake hutoa maji maangavu, kwa sababu maji ya mto hupenya polepole katika tabaka nene la mchanga lililo chini ya bonde, na mchanga huo huyachuja bila malipo. Mwambie kila mwanafunzi abebe chupa mbili tupu za plastiki, ajaze moja kwa maji ya mto, akitekewa na mtu mzima, na nyingine kwa maji ya kisima, kisha azisimamishe juu ya meza zikae nusu saa. Udongo utakaotua chini ya ile chupa ya kwanza utawafundisha zaidi ya ubao mzima wa maelezo. Halafu wapelekwe penye pampu, wasikie kishindo chake, na waelezwe kwamba maji hayo husukumwa kwa umeme mwendo mrefu hadi Mombasa, na kwamba umeme ukikatika, mfereji wa Kisauni nao hukauka. Tahadhari moja: msiende wakati wa mafuriko, kwani Sabaki ikijaa haina mchezo.

Mzima ni habari nyingine kabisa. Mvua inayonyesha kwenye vilima vya Chyulu huzama ndani ya mawe ya volkano, ikasafiri chini ya ardhi kiasi cha kilomita 50, kisha ikatokeza ikiwa maji safi katikati ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Bomba la kutoka huko hadi Mombasa, lenye urefu wa takriban kilomita 220, lilijengwa katika miaka ya 1950, na kwa kuwa chemchemi ziko juu na sisi tuko chini, maji hujiteremkia yenyewe kwa sehemu kubwa ya safari. Linganisheni hilo na kishindo cha pampu za Baricho, na wanafunzi watafahamu mara moja kwa nini gharama za vyanzo hivi viwili hazifanani. Lakini kumbuka kwamba Mzima iko ndani ya hifadhi ya wanyama, kwa hivyo barua ya watu wa maji haikufungulii lango. Kuna ada na masharti ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na kuna viboko na mamba ambao hawajui kwamba mmekuja kwa ajili ya sayansi. Pia safari ni ndefu kwa siku moja.

Ikiwa nauli ni tatizo, vukeni feri ya Likoni mwende Kwale, mkaone Marere katika msitu wa Shimba Hills, chanzo kilicholetea Mombasa maji ya bomba tangu mwanzoni mwa karne ya 20, hata kabla Mzima haijafikiriwa. Hapo somo ni msitu: ukikatwa, chemchemi hupungua. Tiwi iko karibu pia, ingawa visima vyake havina mengi ya kutazamwa na darasa kubwa. Bwawa la Mwache, ambalo linajengwa huko Kinango ili kuongeza maji ya Mombasa na Kwale, nimeulizwa mara nyingi. Kwa watoto ningesubiri ujenzi umalizike.

Mwanangu alikwenda na shule yao kutazama visima vya maji, akarudi akisema mwenyeji wao aliwaambia maji yakitoka pale huwa ni safi ya kunywa. Sasa ananikataza kuchemsha, eti ninamaliza makaa bure. Je, nimsikize? – Mama, Likoni

Mama, mwenyeji wao alisema kweli, na wewe endelea kuchemsha.

Maji yanapoondoka kituoni hutiwa klorini, na kiasi kidogo cha dawa hiyo huachwa makusudi kiendelee kuyalinda njiani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba maji yakifika kwa mtumiaji yawe bado yana klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita. Shida yetu iko njiani. Mahali palipo na mgao, bomba hukaa tupu kwa saa nyingi, na bomba tupu lenye ufa hunyonya chochote kilicho kando yake, iwe ni maji ya mtaro au ya shimo la choo la jirani. Maji yakirudi, yale ya mwanzo huja na uchafu huo. Yakishaingia ndani ya tangi la nyumbani ambalo halijasuguliwa tangu Ramadhani iliyopita, au kwenye mtungi wa mkokoteni ambao hujui jana ulibeba nini, ahadi ya kituoni imekwisha.

Kwa hivyo chemsha hadi yatokote kwa nguvu dakika moja nzima, uyafunike, na uyateke kwa kata yenye mpini mrefu. Makaa hayo hayapotei bure. Mwanao naye usimvunje moyo: akipata nafasi ya kurudi, aombe kuonyeshwa jinsi klorini inavyopimwa. Kidonge kidogo hutiwa ndani ya kichupa cha maji, maji yakageuka rangi ya waridi, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi. Kisha aulize kama kipimo hicho hufanywa Likoni pia, kwenye mifereji ya watu, na mara ngapi. Mgeni anayeuliza hivyo huwa amefaidika na ziara yake.

Tulikuwa vijana sita. Tulifika katika lango la kituo kimoja cha maji tukiomba kuingia, mlinzi akatukatalia, na mwenzetu alipopiga picha, mlinzi akamnyang'anya simu na kukaa nayo hadi jioni. Katiba si imetupa haki ya kupata habari? – Kijana, Bamburi

Imewapa, ndugu yangu, katika kifungu cha 35. Lakini haki ya kupata habari si ufunguo wa lango. Ndani ya vituo hivi kuna mitungi ya gesi ya klorini, nyaya za umeme mkubwa na matangi ambayo mtu akitumbukia hatoki, mbali na kwamba maji yaliyomo yananywewa na mji mzima. Mlinzi aliyewazuia watu sita wasio na barua alifanya kazi yake. Kuwaambia msipige picha pia kunaeleweka. Kukaa na simu ya mtu hadi jioni ndiko kusikoeleweka, na mngekuwa na haki kabisa kumwita msimamizi wake, na simu isiporudishwa, kupiga ripoti kituo cha polisi.

Kama mlichokitaka ni habari, njia yake ni rahisi kuliko mnavyodhani. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuandika ombi kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Haki yenu haitegemei sababu mnayoitoa. Na ofisi inatakiwa kuamua ndani ya siku 21. Ikinyamaza au ikikataa, mnaweza kuipeleka kwenye Tume ya Haki ya Utawala. Ombeni matokeo ya vipimo vya maji ya mtaa wenu, kiasi kinachoingia Bamburi kwa wiki, na ratiba ya mgao. Karatasi hizo tatu zitawaeleza mengi ambayo hata kwa kusimama juu ya tangi lenyewe msingeyaona. Na zikishafika mikononi mwenu, ombi la kutembelea kituo litaandikika vizuri zaidi, kwa kuwa mtakuwa na maswali.

Ninaongoza wageni Mji wa Kale na Fort Jesus. Wengi huniuliza watu wa zamani walikunywa nini kisiwani. Naweza kuyaingiza maji katika matembezi yangu? – Mwongozaji, Mji wa Kale

Ingiza bila kusita. Ngome hiyo ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na mgeni anayesimulikiwa mizinga peke yake haelewi watu waliwezaje kuhimili humo mazingiwa ya Waomani ya 1696 hadi 1698. Mwonyeshe kisima kirefu kilichochongwa katika mwamba, kisha mpeleke penye birika la kuvunia maji ya mvua. Mwulize kwa nini penye kisima pakahitajika birika. Jibu liko chini ya miguu yake: kisiwa ni jiwe la matumbawe lenye matundu, maji ya mvua yasiyo na chumvi hukaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini, na ukiteka kwa pupa chumvi hupanda. Kila mwenye kisima nyumbani Majengo au Kibokoni analijua hilo kwa ladha ya chai yake.

Kikundi chetu husafisha ufuo. Tunataka kuuona mtambo wa maji taka wa Kipevu, lakini wenzetu wanatucheka, eti nani huenda matembezi chooni? – Kikundi cha vijana, Changamwe

Waambieni kwamba huko Paris watu wamekuwa wakiteremka kutembezwa katika mitaro ya maji taka tangu 1867, na leo mitaro hiyo ina makumbusho yake yanayotoza kiingilio. Huko Orange County, jimbo la California nchini Marekani, kuna mtambo uliofunguliwa mwaka 2008 ambao husafisha maji taka hadi yakawa ya kunyweka, kisha huyarudisha ardhini, na sehemu yake hutumika kuizuia chumvi ya bahari isiingie visimani. Huko pia umma hupokewa kwa matembezi ya kuongozwa. Mji wenye visima vya chumvi kama wetu una sababu ya kulitazama jambo hilo kwa makini.

Kipevu si California, na msitarajie kupewa bilauri ya maji yake mwonje. Mtakachoona ni maji meusi yakiingia kwa kupitia vyuma vinavyozuia vitambaa, plastiki na nepi, na baadaye bakteria wakipewa hewa ili waule uchafu uliobaki, tope likitengwa na maji. Simameni kwa muda penye vile vyuma, kwa maana takataka mnazookota ufuoni zina ndugu zao pale. Kisha mwulizeni mhandisi maswali mawili: mtambo uliundwa kupokea kiasi gani kwa siku, na jana ulipokea kiasi gani. Maji yakiwa machache kuliko uwezo wake, mjue kwamba sehemu kubwa ya Mombasa bado haijaunganishwa na mabomba ya maji taka, na vyoo vyake ni mashimo yaliyochimbwa katika jiwe lile lile lenye matundu tulilolitaja.

Ombi lenu lipelekeni kwa kampuni ya maji ya kaunti. Siku ya ziara vaeni viatu vilivyofungika, msile wala kuvuta sigara mkiwa ndani, aliye na kidonda akifunge barabara, na nyote mnawe kwa sabuni kabla ya kugusa simu zenu. Iwapo mnataka kusikilizwa haraka, ombeni tarehe iliyo karibu na 22 Machi, Siku ya Maji Duniani, au 19 Novemba, Siku ya Choo Duniani, ambapo ofisi kama hizo huwa zinatafuta wageni.